Kuchapisha Utafiti wa Fasihi na Utamaduni wa Kihispania: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa uzamili na uzamivu, walimu wa Kihispania vyuoni, na watafiti wa fasihi linganishi wanaotaka kazi yao isomwe na wataalamu wenzao. Yamepangwa kuanzia mambo ya mwanzo hadi yale yanayomkuta mtu mara chache. Jibu linapokuwa limeshatolewa kwingine, namba ya swali imetajwa.

## Mambo ya mwanzo

1. Uwanja huu unaanzia wapi na kuishia wapi?

Unaanzia tungo za Hispania ya karne za kati na kufika kwenye filamu, magazeti, muziki na riwaya za leo za Amerika ya Kilatini. Wahariri wengi huugawa kwa eneo (Hispania, Amerika ya Kilatini, Wahispania wa Marekani) na kwa kipindi (karne za kati, karne za 16 na 17 ziitwazo Siglo de Oro, karne za 18 na 19, kisha karne ya 20 hadi sasa). Mgawanyo huo una kazi yake: kwa kuutumia, mhariri anajua nani wa kumpelekea makala yako aisome. Makala inayorukaruka kutoka Cervantes, mwandishi wa Siglo de Oro, hadi filamu ya mwaka jana humpa taabu ya kupata mtathmini, na mara nyingi hurudishwa kwa sababu hiyo tu.

Majarida mengi hupokea pia kazi juu ya Kikatalani, Kigalisia, Kibaski na fasihi ya Brazili, lakini si yote. Soma ukurasa wa jarida unaoeleza upeo wake kabla ya jambo lingine lolote. Kuhusu Guinea ya Ikweta, tazama swali la 22.

2. Niandike kwa Kihispania au kwa Kiingereza?

Andika kwa lugha ya watu unaojibizana nao. Kama hoja yako inawahusu wahakiki wa Lima na Buenos Aires, makala ya Kiingereza itawafikia wachache wao, tena kwa kuchelewa. Kama unaingia kwenye mjadala unaoendelea katika vyuo vya Marekani na Uingereza, Kiingereza kitakufaa. Dhana kwamba Kiingereza kina hadhi zaidi haina msingi hapa. Hispanic Review ya Pennsylvania na Bulletin of Hispanic Studies ya Liverpool huchapisha makala kwa Kihispania na kwa Kiingereza, na makala za Kihispania ndani yake hazihesabiwi kuwa za daraja la pili.

Lugha yoyote utakayochagua, marejeleo yako lazima yaonyeshe kwamba umesoma wahakiki wanaoandika kwa Kihispania. Makala juu ya mwandishi wa Meksiko yenye marejeleo arobaini ya Kiingereza na mawili ya Kihispania humwambia mtathmini kwamba hukusoma nusu ya uwanja. Tunalisisitiza hili kwa sababu ni suala la haki pia: wapo wahakiki waliofanya kazi ya miaka mingi juu ya fasihi ya nchi zao, na kuwaruka ni kuwanyang'anya walichovumbua.

Ukiandika kwa Kihispania na si lugha yako ya kwanza, tafuta mtu aliyezoea Kihispania cha kitaaluma aipitie makala kabla ya kuituma. Kuzungumza vizuri hakutoshi. Makosa ya viambishi na nyakati za kitenzi husameheka, ila sentensi iliyofikiriwa kwa lugha nyingine huchosha msomaji tangu aya ya kwanza.

3. Nianze na nini: makala, uhakiki wa kitabu au sura ya kitabu?

Uhakiki wa kitabu ni mlango mzuri. Huwa na maneno kati ya 800 na 1,200, hupitiwa na mhariri peke yake, na hukulazimisha kusoma kitabu kipya kwa makini. Muulize mhariri wa sehemu ya uhakiki kama kitabu unachokitaka kipo; usitume uhakiki ambao hukuombwa, kwa kuwa majarida mengi hukataa. Lakini tathmini za kazi huhesabu uhakiki kidogo sana, kwa hiyo mbili au tatu zatosha kuzoea njia.

Sura katika kitabu cha pamoja hukubaliwa kwa urahisi kuliko makala, lakini vitabu hivyo huchelewa, mara nyingine kwa miaka, kwa sababu humsubiri mchangiaji wa mwisho. Usipeleke huko hoja yako bora.

## Kuchagua jarida

4. Ni majarida gani ninayopaswa kuyafahamu?

Kwa filolojia (uchunguzi wa lugha na matini) na matini za kale: Revista de Filología Española ya Madrid, iliyoanzishwa na Ramón Menéndez Pidal mwaka 1914; Nueva Revista de Filología Hispánica ya El Colegio de México, tangu 1947; na Hispanic Review, tangu 1933. Cervantes ana majarida yake mwenyewe, mojawapo Anales Cervantinos la Madrid. Kwa Amerika ya Kilatini: Revista Iberoamericana, lenye makao Pittsburgh, na Revista de Crítica Literaria Latinoamericana, lililoanzishwa Lima mwaka 1975 na Antonio Cornejo Polar. Kwa filamu, vyombo vya habari na nadharia ya utamaduni: Journal of Spanish Cultural Studies na Arizona Journal of Hispanic Cultural Studies. Fasihi ya watu weusi wanaotumia Kihispania ina Afro-Hispanic Review, tangu 1982. Jarida liitwalo Hispania, ambalo ni la Marekani, hupokea pia utafiti wa ufundishaji wa lugha. Jarida la MLN hutenga toleo lake la Machi kila mwaka kwa fasihi ya Kihispania, hivyo makala ya Kihispania isiyolenga toleo hilo ina nafasi ndogo pale.

Kuna mtego wa majina. Bulletin of Hispanic Studies ni la Liverpool. Bulletin of Spanish Studies ni la Glasgow. Ni majarida mawili, yenye wahariri tofauti na kanuni tofauti za marejeleo. Barua inayomsifu mhariri kwa jarida la mwenzake huonekana kila mara.

Njia ya uhakika kuliko orodha yoyote iko kwenye marejeleo yako mwenyewe. Hesabu ni majarida gani yanajitokeza mara tatu au zaidi, kisha soma yaliyomo katika matoleo yao ya miaka miwili iliyopita. Ukikuta mjadala unaofanana na wako, umepata mahali. Usipokuta hata makala moja juu ya kipindi chako, usijipe moyo kwamba utaziba pengo: huenda mhariri hana mtu wa kuisoma.

5. Latindex, Scopus, Dialnet, SciELO, MLA: vyote hivi ni nini, na kipi kina uzito?

Ni vitu vya aina tofauti vinavyochanganywa. MLA International Bibliography ni bibliografia: humsaidia mtafiti kuipata makala yako, na katika fani ya fasihi ndiyo inayofunguliwa kwanza. Dialnet, iliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha La Rioja mwaka 2001, hufanya kazi hiyo kwa machapisho ya Kihispania. Scopus na Web of Science hupima manukuu, na vyuo hupenda kuzihesabu. SciELO, iliyoanzia Brazili, na Redalyc ya Meksiko huweka makala kamili bila malipo baada ya kulichuja jarida.

Latindex, yenye makao yake UNAM, chuo kikuu cha taifa cha Meksiko, ndiyo inayopotosha wengi. Ina saraka na ina katalogi. Saraka husema tu kwamba jarida lipo. Katalogi, katika muundo wake wa sasa, hulipima jarida la mtandaoni kwa vigezo 38 vya ubora. Jarida linalojitangaza kuwa "limo Latindex" bila kusema sehemu gani, litafute mwenyewe katika katalogi.

Kabla ya kuchagua, uliza chuo chako kinatambua faharisi zipi. Hispania ina tathmini yake ya vipindi vya miaka sita, Kolombia ina Publindex, mfumo wake wa kuyapanga majarida, na chuo chako kinaweza kuwa na orodha tofauti kabisa.

6. Je, nitalipa ili makala ichapishwe?

Kwa sehemu kubwa ya majarida ya uwanja huu, hapana. Amerika ya Kilatini ina desturi ya muda mrefu ya majarida yanayogharimiwa na vyuo vikuu: mwandishi halipi na msomaji halipi. Hispania nako majarida mengi ya vyuo na ya baraza la utafiti, CSIC, yako hivyo. Desturi hii ni hazina ya uwanja wetu, na jarida la namna hiyo linastahili kupewa makala nzuri, si zile zilizokataliwa kwingine.

Majarida ya kampuni kubwa za Uingereza na Marekani huchapisha bila malipo ukikubali makala ifungwe kwa wasiolipia. Ada hudaiwa pale tu unapotaka iwe wazi kwa wote. Kampuni nyingi hupunguza au kufuta ada kwa waandishi wa nchi zenye kipato cha chini, lakini ombi hutolewa wakati wa kutuma makala. Ukilitoa baada ya kukubaliwa huenda lisisikilizwe.

7. Nitalitambuaje jarida la kitapeli?

Dalili kubwa ni kasi na upana. Jarida linaloahidi tathmini kwa siku tano, linalopokea fasihi, uhasibu na kilimo kwa pamoja, na linalokuandikia likikusifu kwa makala usiyoiandika, liache. Kagua jopo la wahariri: chagua majina mawili, fungua kurasa zao za vyuoni uone kama wanalitaja jarida hilo. Kagua pia ISSN (namba ya utambulisho wa jarida) katika tovuti yake rasmi, maana wapo wanaoiba jina na namba ya jarida halisi na kufungua tovuti bandia. Hapo anwani ya tovuti ndiyo inayowaumbua, kwa hiyo ifikie kupitia Dialnet, DOAJ (saraka ya majarida yaliyo wazi kwa wote) au ukurasa wa chuo kinacholichapisha, si kupitia barua pepe uliyotumiwa.

## Kuandaa mswada

8. Ninukuu toleo gani la kazi ninayoichambua?

Hapa ndipo makala nyingi huanguka. Nakala iliyookotwa mtandaoni, isiyo na jina la mhariri wala mwaka wa toleo lililoigwa, haiwezi kubeba hoja inayotegemea neno, alama au mpangilio wa sura.

Chukua sehemu ya kwanza ya Don Quijote, riwaya ya Cervantes, iliyotoka Madrid mwaka 1605. Katika toleo la kwanza, punda wa Sancho, mtumishi wa Don Quijote, anatoweka bila maelezo, kisha baadaye anaonekana tena. Toleo la pili la Madrid, la mwaka huohuo, liliongeza vifungu vya kueleza alivyoibwa na alivyopatikana. Matoleo ya leo hutofautiana: yapo yanayoacha vifungu hivyo nje ya matini na kuvipeleka kwenye maelezo, na yapo yanayoviingiza ndani. Mwanafunzi anayeandika juu ya "ukimya wa msimulizi kuhusu punda" huku akinukuu toleo lililokwisha kuviingiza anajipinga mwenyewe bila kujua. Lazarillo de Tormes, riwaya fupi isiyojulikana mwandishi wake, ina hadithi kama hiyo. Matoleo manne ya 1554 yamesalia: Burgos, Antwerp, Alcalá na Medina del Campo. Hilo la mwisho lilipatikana 1992 likiwa limefichwa ukutani katika nyumba ya Barcarrota. La Alcalá lina vifungu ambavyo mengine hayana.

Kwa riwaya za Hispania ya enzi za udikteta wa Franco (1939–1975), uliza kama udhibiti uliigusa matini. La colmena ya Camilo José Cela ilitoka kwanza Buenos Aires mwaka 1951 kwa sababu ilizuiwa Hispania. Majalada ya wadhibiti yamehifadhiwa katika Archivo General de la Administración huko Alcalá de Henares, na huonyesha mara nyingi ni kurasa zipi zilizopigwa kalamu.

Kwa hiyo: tumia toleo la kihakiki lenye jina la mhariri, eleza katika tanbihi ya kwanza kwa nini umelichagua, taja sehemu na sura pamoja na ukurasa, kwa mfano I, 23 (sehemu ya kwanza, sura ya 23), ili mwenye toleo lingine apate mahali penyewe. Biblioteca Virtual Miguel de Cervantes na Biblioteca Digital Hispánica zina matoleo mengi ya kuaminika na picha za vitabu vya kale, bila malipo. Ukizitumia, taja toleo lililowekwa humo, si tovuti peke yake.

9. Majina ya Kihispania nayapangaje katika marejeleo?

Mtu wa nchi zinazotumia Kihispania kwa kawaida ana majina mawili ya ukoo, la kwanza la baba na la pili la mama, na hupangwa kwa la kwanza. Gabriel García Márquez yuko chini ya G, na Mario Vargas Llosa chini ya V. Kuandika "Márquez" peke yake ni kosa linalomfanya mtathmini aanze kutilia shaka mengine. Jihadhari na majina ya kwanza yaliyo mawili: Juan Ramón Jiménez yuko chini ya J ya Jiménez, na Miguel Ángel Asturias chini ya A ya Asturias. Kiunganishi "de" hubaki nyuma: Unamuno, Miguel de, vivyo hivyo Valle-Inclán, Ramón del. Sor Juana Inés de la Cruz hupangwa chini ya Juana, kwa kuwa hilo ni jina la utawa na halina ukoo ndani yake.

Na usimchanganye Garcilaso de la Vega, mshairi wa Toledo aliyefariki 1536, na Inca Garcilaso de la Vega, mwanahistoria aliyezaliwa Cuzco mwaka 1539.

10. Na jina langu mimi, mwenye majina matatu?

Mtafiti wa Afrika Mashariki mwenye jina lake, la baba na la babu hukumbana na tatizo lilelile kwa upande wa pili. Mifumo ya Kiingereza huchukua jina la mwisho kuwa la ukoo. Mhariri wa Hispania anaweza kuyachukua mawili ya mwisho. Matokeo yake makala zako hugawanyika kama za watu wawili. Chagua umbo moja kabla ya makala ya kwanza, usilibadilishe, jisajili ORCID, mfumo wa kuwatambua watafiti, upate namba yako ya tarakimu 16, na uitume pamoja na kila mswada. Unaweza kuunganisha majina mawili ya mwisho kwa kistari, kama wafanyavyo Wahispania wengi wanaochapisha nje.

11. Vichwa vya vitabu na alama za kunukuu vinafuata kanuni gani?

Katika Kihispania, kichwa cha kitabu huwa na herufi kubwa kwenye neno la kwanza na majina ya pekee tu: Cien años de soledad. Majina ya majarida ni tofauti. Maneno yake makuu yote hupata herufi kubwa: Revista de Filología Española. Programu za kupanga marejeleo huharibu hili, kwa sababu hugeuza kila kichwa kwa kanuni ya Kiingereza. Pitia mwenyewe.

Majarida mengi ya Hispania hutumia kwanza alama « », kisha “ ” ndani yake, na nukta huja baada ya alama ya kufunga. Majarida ya Marekani yanayofuata mwongozo wa marejeleo wa MLA (toleo la tisa, 2021) huweka nukta ndani. Katika Kihispania, karne huandikwa kwa namba za Kirumi, na majina ya miezi huanza kwa herufi ndogo.

12. Je, nitafsiri nukuu za Kihispania?

Kwa jarida la wataalamu wa Kihispania, kwa kawaida hapana. Kwa jarida la fasihi linganishi au kitabu kinacholenga wasomaji wengi, ndiyo: asili kwanza, tafsiri baadaye, na useme tafsiri ni ya nani. Usiache asili katika ushairi hata siku moja. Kitabu cha nadharia kilichoandikwa kwa Kifaransa au Kijerumani, ukikinukuu ndani ya makala ya Kihispania, tumia tafsiri ya Kihispania iliyochapishwa kama ipo.

13. Ninafichaje jina langu kwa ajili ya tathmini isiyo na majina?

Kulifuta juu ya ukurasa hakutoshi. Ondoa shukrani na jina la mradi wa ufadhili. Badilisha "kama nilivyoonyesha" iwe rejeleo la nafsi ya tatu. Futa taarifa za faili katika Word kwa kutumia kikaguzi cha hati, kwani jina la mwandishi hubaki humo na katika maoni ya pembeni. Angalia pia jina la faili lenyewe.

14. Ikisiri nzuri ikoje?

Maneno 150 hadi 250, kwa Kihispania na Kiingereza, na maneno msingi yapatayo matano. Sentensi mbili za kwanza zitaje kazi, mwandishi na tatizo. Zinazofuata ziseme hoja yako na ushahidi wake. Ikisiri inayosema "makala hii inachunguza" bila kusema imegundua nini haimsaidii mtu. Usirudie katika maneno msingi yale yaliyomo kwenye kichwa. Tumia nafasi hiyo kwa jina la kipindi, nchi au utanzu.

## Baada ya kutuma

15. Nisubiri muda gani?

Uamuzi wa awali wa mhariri huchukua wiki chache. Tathmini yenyewe kwa kawaida huchukua miezi mitatu hadi sita, na hupita hapo mara kwa mara, hasa miezi ya Julai na Agosti vyuo vya Hispania vinapofungwa. Baada ya miezi minne ni haki yako kuuliza, kwa barua fupi yenye kichwa cha makala na tarehe uliyoituma. Kutuma makala moja kwa majarida mawili kwa wakati mmoja ni marufuku kila mahali, na wanaobainika hufungiwa: uwanja ni mdogo, na mtathmini huyohuyo anaweza kuipata mara mbili.

16. Kwa nini makala hurudishwa bila hata kutathminiwa?

Haiko ndani ya upeo wa jarida. Imezidi urefu (majarida mengi hutaka maneno 6,000 hadi 9,000, tanbihi zikiwemo). Haikufuata mtindo wa marejeleo. Au ni sura ya tasnifu iliyokatwa bila kugeuzwa. Hii ya mwisho huonekana upesi: kurasa sita za nadharia, muhtasari wa riwaya, halafu uchambuzi unaoanza katikati. Makala inahitaji hoja moja, na matini ionekane kabla ya ukurasa wa tatu.

17. Watathmini wawili wamepingana. Nimsikilize nani?

Msikilize mhariri. Kama barua yake haisemi upande gani una uzito, mwulize. Kisha andika jedwali lenye kila hoja ya mtathmini, ulichobadilisha na ukurasa. Unaruhusiwa kukataa pendekezo, mradi utoe sababu inayotoka kwenye matini. Kukaa kimya juu ya hoja moja ndiko kunakowaudhi watathmini kuliko kuikataa.

18. Pruufu (kurasa za majaribio kabla ya kuchapwa) zinaporudi, nikague nini?

Unapewa siku chache tu, mara nyingi tatu hadi saba. Kagua nukuu zote neno kwa neno dhidi ya kitabu, alama juu ya irabu, ñ, ¿ na ¡, na mpangilio wa beti. Ushairi ndio unaoharibika zaidi, maana mstari mrefu hukatwa na ukaonekana kama miwili. Usianze kuandika upya aya.

## Hakimiliki

19. Naweza kunukuu shairi zima?

Inategemea mshairi alifariki lini na utachapisha wapi. Kwa waandishi waliofariki kabla ya tarehe 7 Desemba 1987, Hispania hulinda kazi kwa miaka 80 baada ya kifo. Kwa waliofuata ni miaka 70. Federico García Lorca aliuawa 1936, hivyo kazi zake zikawa mali ya umma huko Januari 1, 2017. Meksiko sasa hulinda kwa miaka 100. Marekani huhesabu, kwa vitabu vya kipindi hicho, miaka 95 tangu kuchapishwa, kwa hiyo kazi ya Lorca iliyotoka baada ya kifo chake inaweza kuwa huru Madrid na isiwe huru New York.

Kunukuu beti chache ili kuzichambua kunaruhusiwa na sheria za nchi nyingi. Shairi zima la mshairi anayelindwa linahitaji kibali, na wachapishaji wa vitabu wana ukomo wao wa mistari, mara nyingi mkali kuliko sheria. Mwenye haki anaweza kuwa familia, wakfu au wakala. Wengi wa waandishi wakubwa, García Márquez na Vargas Llosa wakiwemo, wanawakilishwa na wakala wa Carmen Balcells, Barcelona. Omba kibali mapema na utaje idadi ya nakala, lugha, nchi, na kama kutakuwa na toleo la mtandaoni. Ombi lisilotaja mambo hayo hurudishwa likitaka maelezo, na miezi hupotea.

20. Na picha?

Picha ya filamu, jalada la kitabu na mchoro huhesabiwa kila moja peke yake. Haki za wasanii wengi wa Hispania husimamiwa na VEGAP, shirika la haki za wasanii wa sanaa za kuonekana. Mchapishaji atataka picha ya ubora wa dpi 300 kwa ukubwa itakaochapwa. Bila kibali mkononi, panga hoja ambayo itasimama hata picha ikiondolewa.

## Kitabu

21. Nigeuzeje tasnifu kuwa kitabu, na nimpelekee nani?

Ondoa sura ya mapitio ya maandishi, punguza tanbihi hadi nusu, na uandike utangulizi mpya kwa msomaji asiyelazimika kukupa alama. Pendekezo huwa na maelezo ya hoja, muhtasari wa kila sura, urefu, tarehe ya kukamilisha, vitabu vinavyokaribiana nacho, na sura moja au mbili. Pendekezo, tofauti na makala, unaweza kulipeleka kwa wachapishaji kadhaa kama utawajulisha; mswada kamili mpe mmoja.

Wenye orodha imara ni pamoja na Iberoamericana Vervuert (Madrid na Frankfurt), Tamesis, Liverpool, Legenda, Wales, Toronto, Purdue na Vanderbilt. Angalia mfululizo wa vitabu, si jina la nyumba tu: mfululizo ndio wenye mhariri anayejua kipindi chako.

Kuhusu ruzuku: nyumba nyingi za Hispania na Amerika ya Kilatini huomba mchango wa gharama, ambao kwa kawaida hulipwa na mradi wa utafiti au chuo. Huo wenyewe si utapeli. Uliza mambo mawili kabla ya kusaini: je, mswada unatathminiwa na wataalamu wa nje, na je, uamuzi wa kuchapisha hutolewa kabla ya kuzungumzia fedha? Jibu likiwa hapana kwa lolote, ondoka.

## Hali za pembezoni

22. Ninaandika juu ya Guinea ya Ikweta. Nitapata pa kuchapisha?

Utapata, na nafasi inapanuka. Nchi hiyo ilipata uhuru kutoka Hispania Oktoba 12, 1968, na ina waandishi kama María Nsue Angüe, Donato Ndongo-Bidyogo na Juan Tomás Ávila Laurel. Akademia yake ya Kihispania ilipokelewa katika umoja wa akademia za lugha hiyo mwaka 2016. Afro-Hispanic Review ni mahali pa kwanza pa kuangalia, lakini usijifungie humo: makala hizo zinahitaji kusomwa pia na wataalamu wa Hispania ya karne ya 20, kwa kuwa ukoloni huo ni sehemu ya historia yao.

Shida ya kweli ni vitabu vyenyewe. Matoleo mengi yalikuwa madogo na hayachapwi tena. Taja nyumba na mwaka kwa usahihi, na kama umetumia toleo la pili, kagua kama mwandishi alibadilisha matini.

23. Ninajua hati ya Kiarabu kupitia tenzi za Kiswahili. Kuna kazi yoyote ninayoweza kufanya hapa?

Ipo, na wanaoiweza ni wachache. Wamorisko, Waislamu wa Hispania waliolazimishwa kubatizwa na kisha kufukuzwa kati ya 1609 na 1614, waliandika Kihispania kwa hati ya Kiarabu. Maandishi hayo huitwa aljamiado. Shehena kubwa iligunduliwa 1884 huko Almonacid de la Sierra, imefichwa ndani ya nyumba. Ulinganisho na miswada ya Lamu na Pate, ambako pia hati iliyoundwa kwa lugha nyingine ilibidi ibebe irabu na konsonanti zisizokuwamo, ni swali halali la utafiti.

Ukichapisha matini ya namna hii, chagua mfumo mmoja wa kunukulia herufi, weka jedwali lake mwanzoni, na uweke picha ya angalau ukurasa mmoja. Usisawazishe tahajia kimyakimya. Kuhusu ruhusa ya picha, tazama swali la 20. Hapa mwenye kibali ni maktaba inayohifadhi mswada.

24. Katika ushuhuda uliosimuliwa na mtu mmoja na kuandikwa na mwingine, nimtaje nani kama mwandishi?

Fuata ukurasa wa jina wa toleo ulilotumia, kisha eleza. Kitabu cha Rigoberta Menchú, Mmaya wa Guatemala, cha mwaka 1983 kilitoka kwa jina la Elizabeth Burgos, aliyemhoji na kuupanga usimulizi, ingawa maneno na maisha ni ya Menchú. Katika marejeleo weka jina la toleo; katika matini mtaje msimulizi kwa jina lake, na uandike tanbihi moja inayoeleza nani alifanya nini. Suala hilo lenyewe limejadiliwa sana, na mtathmini atatarajia uonyeshe unalijua.

25. Naweza kuchapisha makala ileile kwa lugha mbili?

Ndiyo, kwa masharti: mchapishaji wa kwanza atoe kibali cha maandishi, wa pili ajue tangu siku ya kutuma, na tafsiri itaje chapisho la asili kwenye ukurasa wake wa kwanza. Katika orodha ya kazi zako iandike kama tafsiri. Bila hayo, itahesabiwa kuwa umejinakili mwenyewe.

26. Je, programu za akili unde zinaruhusiwa?

Majarida mengi hufuata msimamo wa COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji: programu haiwezi kuwa mwandishi, na matumizi yake lazima yatajwe. Kusahihishiwa lugha kwa kawaida hukubaliwa ukisema. Hatari kubwa katika uwanja huu ni marejeleo ya kubuni, hasa ya majarida ya Amerika ya Kilatini, ambapo jina la jarida huwa la kweli na makala haipo. Kila rejeleo lifungue Dialnet, Redalyc au MLA, uone ukurasa wa kwanza kwa macho yako, kisha ndipo liingie kwenye orodha.